Nairuzi njema jamani, na tumkumbuke Aşık Veysel

Asalaam alaykum ndugu zangu wa huku Uturuki na wa nyumbani, salamu zimechelewa najua ila tarehe 21 Machi si ndo leo, kwahiyo Nairuzi njema, yani mwaka mpya wa jadi, kwenu nyote, wakubwa shikamoni. Wa Makunduchi kule Zanzibar tulieni kwanza, Nairuzi ya kwenu mpaka Julai.

Hapa kwa wakwe zangu Waalevi (jamii ya Waislamu wa huku wanaompenda sana Imam Ali) leo ni kuzaliwa kwa Imam Ali, na ndo siku hiyohiyo aliyofariki Aşık Veysel, yule mshairi na mwimbaji kipofu wa Kituruki, mwaka 1973, yani furaha na msiba vimekaa sinia moja. Na huu mwaka wenyewe kila mtu anaujua. Bei jamani! Mwaka 1965 bunge la Uturuki lilimpa Veysel lira 500 kwa mwezi kwa kuitumikia lugha yao na umoja wa nchi, leo ingia buchani na lira 500 uone kama utatoka na kilo ya nyama (zile sifuri 6 walizofuta kwenye lira 2005 tusizitaje kabisa).

Mimi Veysel nilifundishwa na baba mkwe, Mungu amrehemu, hii ndo Nairuzi ya kwanza hayupo. Alikuwa anashusha saz, ile ala yao ya nyuzi yenye shingo ndefu, ukutani anaibusu kwanza ndo anapiga, na akifika kwenye ule wimbo wa udongo mweusi, pale Veysel anaposema nimeuchana uso kwa kucha na bado umenipokea na waridi, lazima anigeukie aone kama nimeelewa. Leo asubuhi mama mkwe kanishika mkono kasema imba wewe. Sauti sina, kituruki changu mnakijua. Nimeimba.

Halafu mtu mwenyewe fikirieni, mtoto wa kijiji cha Sivrialan huko Sivas, ndui ikamchukulia macho ana miaka 7, baba yake akampa saz ya kumliwaza, kaja kuoa mke kamtoroka na mwanaume mwingine, na inasimuliwa kwamba alijua mke anaondoka akamwekea hela kwenye kiatu asiende kuadhirika njiani. Mwaka wa 10 wa Jamhuri ya Uturuki, 1933, akatembea kwa miguu na rafiki yake mpaka Ankara kumpelekea rais Atatürk shairi, hakuonana naye, na alipotaka kwenda sokoni kununua nyuzi za saz polisi wakamzuia kwa sababu ya nguo zake. Na bado hakugeuka mtu wa kinyongo.

Sasa wewe una macho mawili na shemeji yako hamsalimiani kisa kiwanja! Sameheaneni. Na dada zangu mliotishwa kabla hamjaolewa kwamba Waalevi hivi, Waalevi vile, ibada yao ya saz, Veysel alishauliza zamani, Yazid nini (jina wanalobandikwa Wasuni), Kızılbaş nini (jina wanalobandikwa Waalevi), si sote ndugu? Mtu asikubagulie binadamu mwenzio. Pigeni simu kwa wazazi wangali hai, hela ya vocha isiwe kisingizio, na mwenye kauwanja kake apande hata mti mmoja, Veysel na upofu wake alikuwa na bustani ya matunda.

Haya, Mwenyezi Mungu atufikishe mwakani na afya, wagonjwa awape shifaa, wasio na kazi awafungulie riziki, waliotangulia awarehemu, amina. Wa Ankara jioni karibuni, chai ipo, nyama msiulize.