Vipimo vya "mwili mzima" vinakula pesa za wananchi bila kuwatibu

Mhariri,

Ukipita katikati ya Nairobi, kando ya vituo vya matatu na kwenye ngazi za majengo ya maduka, hukosi bango la kupima "mwili mzima". Bei huwa ya chini, pengine bure kabisa, kisha mteja huondoka na mfuko wa virutubisho vya maelfu ya shilingi. Kwenye mitaa ya wenye uwezo biashara ni hiyo hiyo, ila huko utauziwa dripu za vitamini, orodha ya "vyakula usivyopatana navyo" na lishe iliyopangwa kwa DNA. Wote wanaahidi tiba iliyotengenezwa kwa ajili yako peke yako. Sisi tunaofanya kazi katika maabara za hospitali tunaiamini sana tiba inayofuata vipimo vya mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana inatuuma ikitumiwa kuuza chupa.

Tuanze na mashine inayoitwa ya "kwantamu". Mteja hushikishwa fimbo ya chuma iliyounganishwa kwa waya na kompyuta. Kabla ya hapo mhudumu ameshaandika jina, jinsia, umri, urefu na uzani wake. Haipiti muda, printa inaanza kutoa kurasa: ini, figo, kongosho, mifupa, kalisiamu, risasi na zebaki mwilini, kila kimoja na nambari yake na alama ya rangi. Damu haijatolewa, mkojo haujachukuliwa. Kazi ya figo hujulikana kwa kupima kreatinini iliyomo kwenye damu. Risasi hupimwa kwenye damu pia, kwa mashine maalumu ya kupima madini. Hakuna njia ya kuyasoma hayo kupitia kiganja. Kinachopita kwenye fimbo ile ni umeme hafifu, nao hubadilika kwa jasho na kwa jinsi ulivyoikaza. Anayetilia shaka maneno yetu na apimwe mara mbili siku hiyo hiyo, mara ya pili ataje umri na uzani tofauti, kisha alinganishe kurasa hizo mstari kwa mstari.

Pesa ndiyo hasara ndogo. Mwenye presha ya 180 kwa 110 akiambiwa mzunguko wake wa damu "unahitaji kuimarishwa kidogo", ataenda nyumbani na vidonge vya majani, na kiharusi kimkute huko.

Wapo wengine wanaotumia damu halisi na maabara halisi, lakini wanamuuzia mtu asiye na dalili yoyote kifurushi cha vipimo 40 au 60. Hapo kosa ni la hesabu. Kiwango kinachoitwa "kawaida" kwenye karatasi ya majibu hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 ya walio katikati. Maana yake, katika kila watu 20 wenye afya njema, mmoja ataonekana amezidi au amepungukiwa. Mfanyie mtu mzima wa afya vipimo 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka na alama nyekundu ni asilimia 64. Vikiwa 40, ni asilimia 87. Alama hiyo ndiyo muuzaji anayoingojea.

Tena viwango vyenyewe mara nyingi vimenakiliwa kutoka kijitabu cha mashine iliyotengenezwa Ulaya au Marekani. Waafrika wengi wana chembe nyeupe aina ya nyutrofili chache kuliko Wazungu, na hali hiyo inahusiana na tofauti ya jeni ile ile inayozuia vimelea vya malaria ya vivax kuingia kwenye chembe nyekundu. Si ugonjwa. Lakini karatasi ikiandika "chini", mteja huuziwa dawa ya "kuongeza kinga" miezi na miezi. Hemoglobini nayo hupotosha kwa upande wa pili. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwili hutengeneza hemoglobini zaidi ili kufidia. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kirekebishwe kulingana na mwinuko kabla ya kuamua kama mtu ana upungufu wa damu. Mwanamke asiye mjamzito mwenye gramu 12.3 kwa desilita anahesabiwa hana tatizo akiwa Mombasa. Akiwa anaishi Nairobi, kiwango hicho kinataka achunguzwe kama madini ya chuma yamempungukia. Kifurushi cha vipimo 60 hakisemi lolote kuhusu hilo.

Kipimo cha H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, cha tone la damu ya kidoleni kinastahili onyo la peke yake, maana kimeenea hadi kwenye maduka ya dawa. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Mgonjwa hutumia dawa siku 14, anapona, anapimwa tena kwa damu, anaambiwa bado wapo, anarudishiwa dawa zile zile. Kipimo kinachofaa ni cha choo kinachotafuta antijeni, yaani vipande vya bakteria wenyewe, au cha pumzi. Mgonjwa aache omeprazole na dawa nyingine za kupunguza asidi za aina hiyo wiki 2 kabla ya kupimwa, na awe amekaa wiki 4 bila antibayotiki. Asipofanya hivyo, bakteria hupungua kiasi cha kutoonekana, na jibu husema hawapo hali wapo. Widal, kipimo cha damu cha homa ya matumbo, ina dosari kama hiyo: kingamwili za zamani, za chanjo au za bakteria wengine huiwasha. Widal moja haithibitishi kitu. Cha kutegemewa ni kuotesha damu maabarani, mililita 8 hadi 10 kwa chupa kwa mtu mzima, na damu itolewe kabla ya antibayotiki kuanza.

Vipimo vya vyakula 100 au 200 kwa kutumia kingamwili za IgG havituchukulii muda. IgG huonyesha kwamba umekila chakula hicho, haionyeshi kwamba kinakudhuru, na vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani vimeshauri visitumike. Mtoto anayenyimwa maziwa na mayai kwa sababu ya karatasi hiyo ndiye anayeumia. Na lishe ya DNA? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2018 ulifuata watu wazima 609 kwa mwaka mmoja, nusu wakipunguza mafuta na nusu wakipunguza wanga. Jeni zilizodhaniwa kuonyesha nani afuate lishe ipi hazikuleta tofauti katika uzani waliopunguza. Anayetuma mate yake ng'ambo aulize pia nani atayahifadhi na kwa muda gani, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya na za jeni kuwa nyeti.

Kuna jambo ambalo wauza virutubisho hawalitaji kabisa: baadhi ya bidhaa zao huharibu vipimo vya kweli. Biotini iliyomo kwenye vidonge vya nywele na kucha ndiyo mfano mkubwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku, na kidonge kimoja huweza kuwa na 5,000 au 10,000. Mashine nyingi za homoni hutumia biotini kunasia kile kinachopimwa. Damu ikijaa biotini ya vidonge, mnaso huo huvurugika. Homoni za dundumio, tezi ya shingoni, zinaweza kuonekana zimepanda kwa mtu ambaye hana tatizo, naye akaanzishiwa dawa asizozihitaji. Troponini, protini inayovuja moyo ukiumia na ambayo hupimwa kwa mtu anayeumwa kifua, inaweza kusomeka chini hali moyo umeshambuliwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2017. Unayetumia vidonge hivyo mwambie anayekutoa damu, na uviache angalau siku 2 au 3 kabla ya kipimo kisicho cha dharura.

Tiba ya mtu binafsi ya kweli haihitaji bango. Mgonjwa wa valvu ya moyo anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupimwa INR, yaani kasi ya damu yake kuganda, na dozi hupandishwa au kushushwa kwa jibu hilo. Kwa wengi INR hutakiwa iwe kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya valvu za chuma juu kidogo. Haachi sukuma wiki, ila anakula kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa, na dozi imepangwa kulingana na mlo wake. Mashine ya GeneXpert husoma makohozi kwa takriban saa 2 na kueleza kama kuna kifua kikuu na kama rifampicin, dawa kuu ya ugonjwa huo, itafanya kazi. Mkojo ukioteshwa, daktari hujua ni antibayotiki gani itaua bakteria wa mgonjwa huyu. Mwenye saratani ya matiti hupimwa vipokezi vya homoni na protini ya HER2 kwenye uvimbe ndipo dawa ichaguliwe. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, hutambuliwa kabla ya kupewa primaquine, dawa ya malaria, isije ikapasua chembe zake nyekundu. Katika yote hayo swali lilikuwapo kabla ya sindano, na jibu lilibadilisha matibabu.

Hata kipimo rahisi huharibika kikifanywa ovyo. Chukua sukari. Chembe za damu huendelea kula glukosi ndani ya chupa, na katika joto la kawaida la chumba hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mtu akitolewa damu asubuhi akiwa na milimoli 7.4 kwa lita, chupa ikae kwenye kikasha cha bodaboda na foleni ya Nairobi kwa saa 4, maabara inaweza kusoma 5.8 na kumwambia hana kisukari. Damu ya sukari itolewe kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi, igeuzwe polepole mara 8 hadi 10 ichanganyike, na ifikishwe mapema, kwani floridi yenyewe huchukua saa 1 au 2 kabla ya kuzuia kikamilifu. Kufunga kula ni saa 8 au zaidi, maji yanaruhusiwa. Kisukari ni 7.0 kwenda juu kwa aliyefunga, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 au 3 iliyopita, ya asilimia 6.5 kwenda juu, na asiye na dalili hurudiwa kipimo kabla ya kuambiwa ni mgonjwa. Mwenye selimundu asitegemee HbA1c, kwa sababu chembe zake nyekundu hufa mapema na jibu hushuka kwa uongo. Ukosefu wa madini ya chuma, kinyume chake, huipandisha.

Presha nayo: kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, na usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara kwa nusu saa. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha presha kwa uongo. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine ipimwe tena, isipokuwa iwe juu mno au una dalili.

Kabla ya kutoa mkono, mwananchi aulize leseni ya Bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, na kama maabara ina cheti cha KENAS, shirika la ithibati la Kenya, cha ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Karatasi ya majibu iwe na jina la maabara, saa sampuli ilipochukuliwa, njia iliyotumika, na sahihi ya mtu aliyesajiliwa. Anayekupima akiwa ndiye anayekuuzia dawa, chukua majibu yako uende nayo kwa daktari mwingine. Nasi tunaiomba KMLTTB, Bodi ya Dawa na Sumu, na maafisa wa afya wa Kaunti ya Nairobi waanze na mahema yaliyo karibu na vituo vya matatu: wakague fimbo zile, waulize leseni za mafundi, na wachukue sampuli za chupa zinazouzwa mezani zikapimwe kilichomo.

Wataalamu wa maabara za hospitali,
Nairobi