Kanda ya bibi yako

Mwanangu,

Salamu. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako bado linamsumbua. Mdogo wako kaniambia Jumatatu unapanda treni kwenda Dar kuanza kazi, na kwamba ile kaseti yenye sauti ya bibi umeitia kwenye begi pamoja na viatu. Itoe humo. Kaa nayo kwenye mkoba.

Umefanya vizuri kufikiria kuihamishia kwenye flashi. Kaka zako wanaojiita watu wa kompyuta hawakuwaza hilo. Lakini ungeniuliza kabla ya kuitoa kabatini.

Sikiliza jambo moja, umweleze na fundi atakayeihamisha. Siku ile ya 1987 tulipomrekodi bibi, redio yetu ya National ilikuwa inatumia betri kubwa sita, na zile betri tulishazianika juani hadi zikachoka. Bibi alipofika katikati ya muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, mota ikaanza kulegea na kanda ikawa inakwenda polepole huku inarekodi. Ndiyo maana ukiicheza leo kwa umeme, upande wa pili sauti yake inakuwa nyembamba kama ya mtoto na ngoma zinakimbia. Kanda haijaharibika. Fundi apunguze kasi kidogo kidogo mpaka sauti ikae. Wewe Kigogo unakisikia, kaa hapo umwambie sasa ndiye bibi. Asiachiwe peke yake, atatupa mwanamke mwingine. Kile kipande chenye matangazo ya mpira wa miguu katikati unajua kilivyoingia, akiruke.

Kabla ya kuicheza, asafishe hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachogusa utepe, kwa pamba na spirit. Halafu aizungushe kanda mbele na nyuma mara moja ilegee, isije ikaliwa. Ikiliwa asivute kwa nguvu, kalamu ya Bic ipo. Na vile vijino viwili vya plastiki juu ya kanda nilishavivunja, haiwezi kurekodiwa tena. Mtu asije akaziba matundu kwa seloteipu.

Usiiweke juu ya spika, wala usiiache juani kwenye gari. Flashi moja haitoshi, weka na kwenye simu yako, na ya kaka yako mkubwa pia. Ukishamaliza usiitupe kanda yenyewe, flashi zenyewe nazijua. Irudi hapa Mvumi. Usimpe dereva wa basi, mpe mtu tunayemfahamu.

Nasikia huko kazini mtavaa sare. Picha yako ya sare mama yako anaitaka ya karatasi, ya kutia kwenye fremu. Za kwenye simu anazifuta bila kujua akitafuta nafasi ya nyimbo za kwaya.

Nimekupa madumu mawili ya mafuta ya alizeti na mlenda mkavu. Dumu moja ni la shangazi yako, usilifungue. Madumu matupu yarudi, mwaka huu yamepanda bei. Na hiyo kanda, umeshaitoa kwenye viatu?

Baba yako