Shangazi, spika haikufa

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo. Watoto wote wakusalimu.

Nimepata habari kwamba umenikasirikia. Aliyeniletea habari ameniletea na maneno yenyewe, hakupunguza hata nukta: "Mtu mzima na ndevu zake, ana binti ameolewa, kila Jumamosi yuwaenda kujifundisha kuteza!" Umeyasema barazani mbele ya watu, basi na mimi nakujibu mbele ya watu. Ningekuja kwako Mkomani, hapa hapa Amu (Lamu), tukazungumza, lakini tunajuana. Utaniwekea kahawa na halua, utaniuliza bei ya simiti, na mpaka adhana ya magharibi neno lililonileta litakuwa bado limo kifuani.

Ni kweli, naenda kujifunza kuigiza. Tuko watu tisa kwenye chumba cha juu ya ghala, Langoni, kuanzia baada ya alasiri. Yuko nesi, yuko nahodha wa boti ya watalii, mwalimu wa shule ya msingi, mama muuza mahamri, kijana mmoja anayetembeza wageni, wengine, na mimi wa simiti na misumari. Mkubwa kuliko wote ni mimi, miaka 48. Hakuna anayedhani ataonekana kwenye televisheni isipokuwa yule kijana, na yeye Mungu amjaalie. Mlango huwa wazi. Zoezi la kutazamana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Nalisema hili mapema kwa sababu najua ndilo ulilotaka kuuliza kwanza.

Utasema: sasa umefuata nini huko? Nimefuata sauti yangu. Nawe wajua ilipotelea wapi.

Siku ya nikaha ya mwanangu mkubwa, ningeweza kumpa sheikh wakala kama wafanyavyo wengi, tukamaliza kwa dakika mbili. Mimi nikataka niseme mwenyewe. Wiki nzima nilijizoeza dukani, nikiziozesha paketi za misumari. Siku ilipofika nikaushika mkono wa mkwe wangu, maikrofoni chini ya kidevu, nikaanza: "Nimekuoza binti yangu..." Jina likakataa. Jina la mwanangu mwenyewe, nililomwadhinia sikioni! Mate yalikauka kana kwamba nimelamba simiti. Sheikh akaninong'oneza, nikatikisa kichwa kama mtoto aliyesahau aya chuoni. Mwisho nikampa ishara, akamalizia yeye.

Nilipofika nyumbani ndipo nikasimuliwa ya huku. Wanawake mmejaa uani mwasikiliza kwenye spika, mara kimya. Wameanza kutazamana. Bibi harusi amebadilika uso. Wewe ukainuka taratibu, ukaiendea spika, ukaipiga makofi mawili: "Imekufa tena hii! Nilisema mimi wasikodi kwa yule." Ukamtuma mtoto akatazame waya. Sauti ya sheikh ilipotoka ukasema, "Hiyo, imefufuka," watu wakacheka, vigelegele vikapigwa. Mpaka leo mwanangu aamini kuwa spika ndiyo iliyokufa. Ataacha kuamini akisoma hapa, lakini ameshazaa wawili, atastahimili.

Sasa sikiliza. Yuko mama mmoja wa Marekani, marehemu, akiitwa Viola Spolin. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mjini Chicago, alitunga michezo ya kuwazoeza watoto wa wahamiaji waigize bila kuandikiwa maneno. Mwanawe alikuwa miongoni mwa walioanzisha kule kule kikundi cha vichekesho, The Second City, mwaka 1959, na michezo ile ikasambaa duniani. Kanuni ambayo mwalimu wetu hukariri kila anapotuchezesha ni moja: linalotokea usilikatae, lipokee, kisha ongeza lako. Siku aliyotueleza, wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi niliduwaa, nikimwona shangazi yangu uani anaipiga spika kofi. Kimya kimetokea, umekipokea, umekipa sababu, umekitafutia hata wa kulaumiwa. Chuo gani hicho ulisoma?

Somo langu la kwanza halikuwa na maneno. Tulilazwa chali juu ya mkeka kama maiti, kila mtu na kitabu tumboni. Kitabu kipande na kushuka, basi. Changu hakikwenda popote. Kilichopanda ni mabega. Mwalimu akanieleza kwamba mtu mwenye hofu huvutia pumzi juu, kifuani, shingo ikakaza, na sauti haina pa kupitia. Pumzi ikishuka chini, kiwambo cha chini ya mapafu kikausukuma utumbo, tumbo likainuka, koo hubaki huru. Kisha tukaambiwa tutoe hewa kwa "sss" huku yeye ahesabu. Mimi niliishiwa kwenye tisa. Mama wa mahamri alifika thelathini, tena bado anatabasamu. Alikuwa akisoma kasida utotoni.

Nikamwambia mwalimu habari zako: kwenye vugo, ngoma yenu ya harusi, wanawake wanagonga pembe uwanja mzima, na sauti yako inapita juu ya pembe zote bila maikrofoni. Akaniuliza kama ungekubali kuja kutufundisha japo siku moja. Nikamwambia wewe humwita mpotezaji wa watu. Akacheka. Ni mtu wa Mombasa, lakini ana adabu.

Lililonichukua muda ni lile la "karibu chai". Asili yake ni kwa Mrusi, Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha na mwenzake jumba la maigizo mjini Moscow mwaka 1898. Kabla yake waigizaji wengi walikuwa wakijiuliza, nionyesheje hasira? Mkono niweke wapi? Yeye akawageuza: mtu huyu anataka nini kwa mwenziwe, na nini kinamzuia? Halafu akatia neno dogo ambalo sisi Waswahili tunalo zuri zaidi: lau. Lau ningekuwa mimi, saa ile, nyumba ile, na deni lile, ningefanyaje?

Basi tukapewa maneno mawili tu, "karibu chai". Sema ili mgeni aondoke. Sema ili asiondoke kabla hajalipa. Sema ili akusamehe. Shangazi, kwa watu wa Amu hilo si somo! Sisi tumezaliwa twajua karibu chai ipi ni ya kunywa na ipi ni ya kuvalia viatu. Tulicheza zote, mwalimu akabaki mdomo wazi. Kisha akasema: sasa mwambie nahodha karibu chai, na unachotaka ni anywe chai. Hapo ndipo tuliposhindwa. Nahodha mwenyewe zamu yake ilipofika alirudishwa mara tatu, kwa sababu aliisema kwa chumba kizima, mikono imefunguka, kama anayewapokea wageni gatini. Mimi yangu ilitoka na kichekesho ndani, nikijilinda. Ilipita Jumamosi ya pili ndipo mtu akanyoosha mkono kupokea kikombe ambacho hakikuwepo.

Jingine ni la kurudia. Hilo ni la Sanford Meisner, aliyefundisha New York kuanzia miaka ya 1930. Mnakaa viti viwili, magoti karibu kugusana. Mmoja asema anachokiona kwa mwenziwe, mwingine arudia, mpaka jambo lenyewe libadilike. Nikakaa na nahodha.

"Wakwaruza kidole."

"Nakwaruza kidole."

"Wakwaruza kidole."

"Nakwaruza kidole!"

"Umeudhika."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeudhika kweli, na sikuwa najua. Niligundua jambo la aibu kidogo siku ile: miaka ishirini na zaidi nimekaa dukani, na wateja nawatazama mikono. Macho sitazami. Nahodha nimemuuzia misumari ya boti tangu hajaoa, na sikujua kwamba jicho lake la kushoto lina doa la rangi ya asali.

Sikufichi na la upande wa pili. Jumamosi moja mama wa mahamri aliambiwa akumbuke huzuni yake ya kweli ili ailete mchezoni. Akamkumbuka mumewe, na akalia kilio ambacho hakikuwa mchezo. Mwalimu alisimamisha kila kitu, akatuomba radhi. Wenye fani hii wenyewe waligombana kwa jambo hili: mwigizaji Stella Adler alikutana na Stanislavski mjini Paris mwaka 1934, akarudi Marekani kuwaambia wenzake waache kuchokonoa vidonda vyao, washike hali ya mchezo na kitendo. Juma lililofuata mwalimu alimwambia yule mama, "Leo usikumbuke chochote. Kanda unga." Akakanda, bila unga, bila sinia, akagawa matonge, akayafunika. Akahesabu vikombe viwili, akasita, akarudisha kimoja. Sote tuliangua kilio. Yeye macho makavu, anatushangaa.

Ya kamera sitayarefusha. Mwalimu huweka simu kwenye kiguu chake, tukarekodiwa, tukaonyeshwa ukutani. Nilipojiona nilitamani kufukiwa. Nyusi zangu hupanda na kushuka kwa kila neno, kama mashua kwenye mawimbi ya kasikazi. Jukwaani hilo halidhuru, mtu wa kiti cha mwisho atafikiwa na nini? Mbele ya kamera iliyokusogelea, nyusi ikipanda ni kelele. Tena kipande kimoja hurudiwa mara nyingi kutoka pande tofauti, na ukinyanyua kikombe kwenye neno "kesho" mara ya kwanza, sharti ukinyanyue kwenye "kesho" mara zote, ama picha haziungiki. Yule kijana amejifunza kujirekodi ili apeleke Nairobi: ukuta mtupu nyuma, mwanga mbele ya uso, simu imelazwa kwa ubavu, na mtu wa kumsomea upande wa pili kando ya kamera. Tatizo lake ni ulimi. Kiswahili cha kwenye karatasi kinasema "njoo", yeye atoa "ndoo", na huko bara ndoo ni ya kuchotea maji. Mimi nilisema wabadilishe karatasi. Nilishindwa kwa kura.

Nesi ametuambia kwamba siku hizi, kabla hajaingia kumpa mtu habari mbaya, husimama mlangoni pumzi moja na kujiuliza: nataka huyu apate nini kwangu? Mimi dukani natazama macho. Nimegundua na wadeni.

Umesema pia kwamba kuigiza ni uongo. Nimelifikiria hilo kwa heshima. Mwongo hataki ujue kwamba anacheza, Shangazi. Ukiniona jukwaani nimevaa joho la kadhi, wajua ni mimi wa simiti. Na kama tutapekua nani alisema uongo kwenye familia hii, itabidi tuanzie kwenye ile spika, na mimi sitaki, kwa sababu ule ndio ulionisitiri.

Basi barua yangu imekuja na mwaliko. Mdogo wake mwanangu yule aolewa Ijumaa ya pili ya mfunguo mosi, baada ya alasiri. Wakala sitampa sheikh, nitasema mwenyewe. Spika itafungwa uani kama ada, nimekodi kwa mtu mwingine ili roho yako itulie. Nikifika kabla ya jina la mwanangu, utasikia kimya. Usiinuke. Nitakuwa navuta pumzi, ya chini, ya tumboni. Hesabu mpaka tatu.

Ukifika kumi, haya, nenda ukaipige kofi.