Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika "karma" chini ya misiba ya watu

Wajukuu zangu,

Marahaba, maana najua mngeniamkia kwanza kabla ya kuanza kubishana nami.

Mimi ni Mhindu wa Tanga, mwalimu mstaafu wa hesabu. Wengi wenu ni Waislamu na Wakristo. Wachache ni watoto wa jamaa zangu, wale wanaofika hekaluni siku ya Diwali, wakala ladu, wakaondoka. Nawaandikia nyote pamoja kwa kuwa kosa ni moja. Nyumba ya mtu ikiungua, mnaandika "karma", yaani amelipwa alichotenda. Msanii akifilisika, "karma". Mwanamke akiachwa na mumewe, hakosekani wa kukumbusha kwamba naye alimpokonya mwenzake, kisha wengine wanamiminika kucheka. Mnadhani mmesema jambo la dini. Mimi naona mnasengenya kama watu wasengenyavyo siku zote, ila safari hii mmeazima joho la kwetu.

Hebu sikilizeni fundisho lenyewe lilivyosemwa. Katika Brihadaranyaka, moja ya Upanishad za kale kabisa, yaani vitabu vyetu vya mafundisho ya ndani, Janaka, mfalme wa nchi ya Videha, aliwakusanya wajuzi, akatenga ng'ombe 1,000 waliofungwa dhahabu kwenye pembe zao, wawe zawadi ya atakayewazidi wenzake. Mmoja wao, Yajnavalkya, hakungoja hata mashindano. Alimwambia mwanafunzi wake awaswage ng'ombe nyumbani. Wenzake wakamjia juu, wakaanza kumhoji mmoja mmoja mbele ya mfalme. Artabhaga alipofikiwa na zamu yake, akauliza: mtu akifa, sauti yake ikarudi kwenye moto, pumzi kwenye upepo, jicho kwenye jua, mwili kwenye ardhi, yeye mwenyewe anakuwa wapi? Hapo Yajnavalkya akamwambia, nishike mkono, ndugu yangu, hili tutalijua sisi wawili tu, si la kusemwa mbele ya watu. Wakatoka nje, wakazungumza. Kitabu kinatuambia kwa ufupi kwamba walichokizungumza kilikuwa karma: mtu huwa mwema kwa tendo jema, huwa mbaya kwa tendo baya.

Huyo ni mtu aliyebeba zawadi kabla ya kushinda, asiyeona haya wala woga mbele ya baraza lolote. Lakini jambo hili aliliona zito kiasi cha kumshika mwenzake mkono na kwenda kulisemea pembeni. Ninyi mnalirusha na emoji za kucheka.

Kabla ya Upanishad kulikuwa na nyimbo. Rigveda, iliyo kongwe kuliko zote kati ya Veda nne, vitabu vyetu vitakatifu vya mwanzo, ina nyimbo 1,028 katika mafungu 10. Zilitungwa huko Punjab na maeneo yaliyo jirani, na wasomi wengi hukadiria kuwa ni kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo. Kwa karne nyingi hazikuandikwa. Mwanafunzi alikariri maneno kwa mpangilio wake, kisha mawili mawili, kisha kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, ili silabi isipotee. Wenzangu wa pwani waliohifadhi Kurani tangu utotoni wananielewa hapa haraka kuliko wengine. Mwaka 2003 UNESCO iliutambua usomaji huo kuwa urithi wa wanadamu wote.

Sasa, katika nyimbo hizo hamtakuta habari za karma na kuzaliwa tena zikiwa zimepangwa kama zilivyo katika Upanishad. Huko linalotawala ni rita, utaratibu wa kweli unaoshika jua, mvua na mwenendo wa watu, na mungu Varuna ndiye mlinzi wake. Mtazameni mshairi Vasishtha anavyomwendea Varuna: nimekosa nini mimi hata umkasirikie rafiki yako anayekusifu? Anauliza kosa lake. La jirani halimo.

Upo wimbo mmoja ambao ningefurahi kuuona umebandikwa kwenye kila kibanda cha kubeti. Ni wa 34 katika fungu la 10, na anayesema ni mcheza kamari mwenyewe. Dado za siku hizo zilikuwa kokwa za mti uitwao vibhidaka. Anasema mke wangu hakunigombeza hata siku moja, alikuwa mwema kwangu na kwa rafiki zangu, nami nimemfukuza kwa ajili ya kete. Mama mkwe ananichukia. Baba, mama na ndugu wanasema hatumjui huyu, mfungeni mmchukue. Anaapa hachezi tena. Akisikia kete zinagongana, huyo, anakwenda. Anasema kete hazina mikono lakini zinamshinda mwenye mikono, ni baridi lakini zinaunguza moyo. Ana madeni, anazurura usiku kwenye nyumba za watu. Mkeka wa jana usiku umeupoteza kwa bao la dakika ya mwisho? Huyu anakujua, na ametangulia kwa zaidi ya miaka 3,000.

Nimeusoma wimbo huo mara nyingi, na ninachokipenda ni kwamba hakuna anayemwambia amelipwa alichopanda, wala kwamba katika maisha yaliyopita alikuwa hivi au vile. Mungu Savitar anampa ushauri ambao hata bibi yako angekupa: acha kete, lima shamba lako, ridhika na ulicho nacho, ng'ombe wako wale pale, mkeo yule pale. Na katika fungu hilohilo, wimbo wa 117, kuna neno kwa anayemtazama aliyeanguka: mali huzunguka kama magurudumu ya gari, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na alaye peke yake, dhambi yake ni ya peke yake.

Mnaichukua karma kama mshahara: tenda mema, mambo yatakunyookea. Hiyo ni nusu ya habari, tena ile nusu ya chini. Katika sura ya 9 ya Bhagavad Gita, kitabu cha maneno ambayo Mungu Krishna alimwambia shujaa Arjuna kabla ya vita, Krishna anasema wako wanaotoa sadaka na kufanya ibada ili wafike svarga, yaani peponi, na kweli wanafika, wanastarehe. Thawabu zikiisha wanarudi duniani kufa tena. Pepo hiyo ina mwisho. Kwa hiyo hata tendo jema linamfunga mtu, kama amelitenda kwa kutaka faida. Ndiyo maana sura ya 2 inasema haki yako ni katika kutenda, si katika matunda. Shabaha ni moksha, kutoka kabisa katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Namna ya kutoka walimu wetu hawajaafikiana mpaka leo. Shankara anasema ni kujua kwamba nafsi yako ya ndani si kitu kingine ila Brahman, uhalisi mmoja ulio ndani ya vyote. Ramanuja anasema ni kukaa na Bwana katika mapenzi, kwa neema yake. Madhva anasema nafsi na Mungu ni wawili milele. Mimi niko upande wa mapenzi, kwa malezi ya mama yangu, wala sitabishana. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyesema mtu huvuka kwa kuhesabu madeni ya wenzake. Kicheko chako juu ya nyumba iliyoungua nacho ni tendo, na kimeandikwa kwako.

Najua mwerevu mmoja atasema: Mzee, mbona ninyi wenyewe mmelitumia hivyohivyo? Kweli, tumelitumia. Chandogya, Upanishad nyingine kubwa, inasema wenye mwenendo mwema huzaliwa katika tumbo la Brahmin, tabaka la makuhani, au la matabaka mengine ya juu, na wenye mwenendo mbaya katika tumbo la mbwa, la nguruwe au la Chandala, yule wa chini kabisa. Kwa sentensi kama hiyo watu walizuiwa visimani na milangoni mwa mahekalu, wakaambiwa mmejitakia. Katiba ya India ya 1950 ilipiga marufuku desturi ya kuwahesabu watu kuwa najisi kwa sababu ya tabaka walilozaliwa, na B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuiandika, bado aliona dini yetu haimtoshi: tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, akaingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Sina la kumlaumu.

Hata Gandhi aliteleza hapa. Januari 1934 tetemeko liliua zaidi ya watu 10,000 huko Bihar na Nepal. Gandhi, kwa kuuchukia sana ubaguzi wa matabaka, akasema ni adhabu ya Mungu kwa dhambi hiyo. Mshairi Rabindranath Tagore, aliyeuchukia ubaguzi huo vilevile, akampinga waziwazi: maafa ya ardhi yana chanzo chake ardhini, na hoja ya namna hiyo inawafaa zaidi wapinzani wa Gandhi, ambao wangeweza kudai tetemeko limeletwa na yeye na wafuasi wake. Gandhi aliyachapisha maneno hayo katika gazeti lake la Harijan, akajibu, akashikilia kauli yake. Mimi nampenda Gandhi, lakini hapa niko na Tagore. Watoto waliofukiwa Bihar hawakuwa somo la mtu yeyote.

Mtaniuliza, basi aliyenidhulumu aachwe? Asiachwe. Aliyekula pesa za kikoba chenu mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa, ikishindikana polisi, ikishindikana mahakamani. Arjuna hakuambiwa akae kitako angoje karma iwashughulikie waliomdhulumu; aliambiwa asimame, na awe bila chuki kwa kiumbe chochote. Hilo la pili ndilo gumu. Na aliyeunguliwa nyumba anahitaji mabati, unga na mtu wa kumsaidia kubeba vilivyobaki.

Wanaotaka kuzisoma nyimbo hizi waje kwangu Jumapili jioni, wa dini yoyote. Tutaanza na ule wa mcheza kamari. Chai ipo, na simu za kubeti zikae mfukoni hadi tumalize.

Babu yenu,
Tanga