Mwanangu, usiukimbie ukarani

Mwanangu Somoe,

Nimeusoma ujumbe wako. Wenzako wanakucheka kwa kuchaguliwa Chuo cha Utumishi wa Umma, hapo Mtwara, kusomea kazi ambayo wanasema kompyuta itaimaliza. Sitakuficha, sehemu yake imekwisha kweli. Zamani huko Uingereza makarani walikuwa wanaume wa kunakili barua kwa mkono. Mashine ya chapa ya Remington ilipoingia sokoni mwaka 1874, kunakili kukafa polepole na wanawake wakapata mlango wa ofisini. Leo kila bosi anajichapia mwenyewe.

Lakini kazi hii si ya kudharauliwa. Wajerumani walifungua shule Tanga miaka ya 1890 ili wapate vijana wa kuwaandikia. Mwaka 1922, hukohuko Tanga, Martin Kayamba, naye karani, alianzisha chama cha watumishi Waafrika. Makarani na walimu ndio waliounda African Association mwaka 1929, mzizi wa TANU ya 1954. Watu wa kalamu na faili, mwanangu!

Msimu wa korosho ukifunguliwa, njoo ukae nami ghalani hapa Tandahimba. Mkulima anashusha magunia, mimi napima, naandika jina, kilo na daraja, nampa stakabadhi. Mnada siku hizi unafanyika mtandaoni, fedha zinaingia benki. Sasa nikiandika kilo 78 badala ya 87, au nikichanganya majina ya akina Mohamedi wawili wa kijiji kimoja, mtambo utapokea vilevile nilivyoandika, na mzee wa watu atarudi nyumbani na pungufu. Anayemjua mkulima kwa sura, na anayekataa kusaini asichokiona, ni karani.

Kwa hiyo usiishie kwenye kuchapa. Chagua utunzaji wa kumbukumbu, uendelee hadi stashahada, na ujifunze hesabu za vyama vya msingi vya ushirika. Sheria ya mwaka 2002 inazitaka ofisi za umma zitunze kumbukumbu zao ipasavyo. Halmashauri, mahakama na hospitali zote zina masijala, yaani ofisi ya kutunza faili, na faili la ardhi likipotea familia inagombana miaka. Mshahara wa kuanzia ni mdogo na waombaji ni wengi, hilo lijue mapema.

Baba yako atatuma ada baada ya malipo ya mnada. Niandikie fani uliyochagua kabla hajaenda benki.

Mama yako