Fidia ya kifo: hesabu hujengwaje mbele ya jaji?

Wafiwa wengi wanaodai fidia kwa kifo kilichosababishwa na kosa la mtu mwingine huamini kwamba wakili akieleza uchungu wao vizuri, fidia itakuwa kubwa. Uchungu una nafasi yake. Lakini dai likipunguzwa, mara nyingi kilichokosekana ni karatasi za kuthibitisha utegemezi, yaani jinsi familia ilivyoishi kwa kipato na kazi ya marehemu.

Tuanze na kipato cha marehemu baada ya kodi na makato. Tuseme ni 90 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote. Hutolewa alichokuwa akitumia yeye mwenyewe. Kwa mtu mwenye mwenza na watoto, baadhi ya mahakama huchukulia theluthi moja. Inabaki 60 kwa mwezi, yaani 720 kwa mwaka. Kama alifariki akiwa na miaka 40 na angestaafu akiwa na 60, familia huzidisha kwa 20 na kupata 14,400. Wakili wa upande wa pili husubiri kosa hilo hilo. Fedha inayolipwa leo kwa mkupuo huzaa, kwa hiyo ukichukua faida ya 3% kwa mwaka, kizidisho, yaani namba ya kuzidishia badala ya 20, ni kama 14.9, na dai linakuwa 10,728. Ni afadhali wakili wako aitaje mwenyewe namba hiyo ndogo. Jaji akiona ya kwanza imetiwa chumvi, hata zilizo sahihi atazitilia shaka.

Eneo linalosahaulika zaidi ni kazi za nyumbani. Aliyekuwa hana mshahara hakuwa hana thamani: saa 3 kwa siku ni saa 1,095 kwa mwaka, na kila saa ina ujira wa mtu ambaye angeajiriwa kuifanya. Ila shahidi akisema "alifanya kila kitu," hajasaidia. Anayesaidia ni yule anayesema marehemu aliamka saa 11 alfajiri, akamgeuza mkwewe mgonjwa kitandani, akampa dawa, kisha akawaandaa watoto wawili kwenda shule. Na kwamba sasa mgonjwa anahudumiwa na mlezi wa kulipwa, risiti hizi hapa.

Upweke wa mwenza na watoto hushughulikiwa tofauti kila mahali: kuna sheria zinazoweka kiasi maalumu, nyingine humwachia jaji au jopo likadirie. Picha moja ya siku ya kawaida hufanya kazi kuliko albamu nzima ya harusi.

Mwambieni wakili mapema kuhusu ugonjwa, ulevi, kutengana au kukaa bila kazi. Ugonjwa wa moyo uliofichwa ukiibuka kwenye maswali ya upande wa pili, hupunguza kizidisho na kumchafua shahidi kwa pamoja.

Leteni hati za mshahara, taarifa za benki na risiti za karo. Aliyejiajiri tunahitaji daftari lake la mauzo, hata kama limechakaa. Ulizeni pia muda wa kufungua kesi, maana kuna sheria zinazotoa mwaka 1 tu. Na bima wakileta karatasi ya "malipo kamili" kabla hesabu hii haijafanywa, msitie sahihi. Kwa kawaida sahihi hiyo hufunga dai lote.