Kikombe kimoja cha oti ni gramu ngapi?

Hakuna swali tunaloulizwa na wateja kama hili, na kila mara tunajibu kwa kuuliza: oti zipi, na kikombe kipi? Anayetaka namba tu anaweza kuona tunamzungusha. Lakini tukimpa namba bila kujua hayo mawili, tutakuwa tumemharibia chakula.

Hivi karibuni mteja mmoja alituletea biskuti zake, kavu, zinamong'onyoka hata kabla ya kufika mdomoni. Alifuata maelekezo yote, vikombe 3 vya oti bapa. Tukamwomba apime mbele yetu kama anavyopima nyumbani. Alichota, akagonga kikombe mezani mara mbili tatu, oti zikashuka, akaongeza mpaka kikajaa tena. Mizani ikasoma gramu 106. Tukarudia kwa kikombe kilekile, safari hii tukijaza kwa kijiko bila kugonga, kisha tukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu: gramu 88. Tofauti ni gramu 18, na kwa vikombe 3 ni gramu 54. Hiyo ni zaidi ya nusu kikombe cha oti zilizoingia bila kualikwa, nazo zilifyonza majimaji yote ya kinyunga.

Kikombe hupima nafasi, na oti bapa huacha hewa nyingi katikati yake. Punje imepitishwa kwenye mvuke, ikakandamizwa na rola hadi ikawa kama kipande cha karatasi nene, na vipande hivyo vikilaliana ovyo hubaki na matundu. Oti za kukatwa ni tofauti kabisa: ni punje nzima iliyokatwa vipande viwili vitatu, hivyo hukaa zikiwa zimebanana. Kikombe cha mililita 240 cha oti bapa huwa na takriban gramu 90. Cha oti za kukatwa hukaribia 170. Ukibadilisha moja kwa nyingine kikombe kwa kikombe, uji utakuwa mzito kama saruji na punje bado ngumu ndani.

Oti za kuiva haraka ziko karibu na oti bapa, gramu 80 hadi 90.

Unga wa oti unawachanganya wengi. Ukisaga gramu 90 za oti unapata unga wa gramu 90, hata kama haujazi kikombe ulichoanzia. Kwa hiyo mapishi yakitaka kikombe kimoja cha unga, saga kwanza ndipo upime. Yakitaja gramu, pima wakati wowote upendao.

Kuhusu kikombe chenyewe: cha Marekani ni kama mililita 237, ingawa kwenye lebo za vyakula huhesabiwa 240. Australia hutumia 250, na Japani 200. Kikombe cha chai cha nyumbani hakimo kwenye hesabu hiyo. Ili kujua ujazo wa chako, kiweke tupu kwenye mizani, uirudishe sifuri, kisha ukijaze maji. Kila gramu ya maji ni mililita moja. Kwa oti bapa, zidisha mililita hizo kwa 0.375 upate gramu.

Huna mizani? Tumia pakiti. Pakiti ya gramu 500 ikigawanywa kwenye mabakuli manne yanayofanana, yote yakijaa kimo kimoja, kila bakuli lina gramu 125. Si usahihi wa maabara, lakini kwa keki na biskuti tunauamini kuliko kikombe kilichogongwagongwa.

Ukija dukani, njoo na kikombe chako na mapishi unayoyapenda. Tutakijaza kwa oti unazonunua, tutapima mara tatu, na wastani wake tutakuandikia kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuniko cha kopo lako. Huduma hii hatuitozi chochote. Ukibadilisha aina ya oti, lete kikombe tena, maana namba ya zamani haitakufaa.